Hela Isiyo Yangu

Mara ya kwanza kumwona mama mdogo akiiogopa simu yake ilikuwa Jumapili moja nyumbani kwake Korogwe, tumemaliza kula, vyombo bado viko mezani. Simu iliita. Namba ngeni. Akaitazama mpaka ikakata.

"Hupokei?" nikamuuliza.

"Wakinihitaji watakuja."

Nilishangaa. Huyu ni mtu aliyekuwa akipigiwa simu kwa kukosea namba anaishia kuulizana hali na mpigaji, mvua huko imenyesha, watoto hawajambo. Nikamdadisi, akakwepa. Nikamdadisi tena tulipokuwa tunaosha vyombo, na hapo ndipo aliponieleza jambo alilolificha kwa wiki tatu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja aliingiwa na ujumbe kwenye simu: umepokea shilingi 240,000, pamoja na jina la mtumaji na namba ya muamala. Dakika mbili baadaye akapiga kijana mwenye sauti ya upole. "Shikamoo mama. Samahani sana, nimekosea namba moja ya mwisho, hiyo hela ni ya matibabu ya mama yangu, yuko wodini hapa." Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba chao. Kwenye simu yake kulikuwa na michango ya wanawake kumi na wanane. Akarudisha 240,000 palepale, akamwombea mgonjwa apone. Jioni alipohesabu michango ndipo akagundua kwamba hakuna hela yoyote iliyoingia. Ule ujumbe ulikuwa umeandikwa na mtu, ukatumwa kutoka namba ya kawaida kama ujumbe mwingine wowote.

Aliuza cherehani yake akajazia pengo kabla wenzake hawajajua.

Nami, msomi wa familia, nilisema nini? Nilisema, "Jamani mama mdogo, ulikuwa unafikiria nini?"

Akanyamaza kidogo, mikono bado imo kwenye maji ya sabuni. "Nilifikiria kwamba hela si yangu."

Nimeishi na jibu hilo kwa miaka miwili sasa. Siku ile nililiona ni jibu la mtu asiyejua mambo. Leo nadhani ni mimi niliyekuwa sijui.

Tuna methali ya kuwafungia mjadala watu kama yeye: wajinga ndio waliwao. Tukitaka kuonekana wapole kidogo tunasema aliyetapeliwa aliponzwa na tamaa. Lakini hebu tuzipange mbinu tunazozijua sote mezani, tuzitazame moja moja. Kuna wanaosema umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza. Kuna wanaokualika ujiunge na Freemason upate utajiri, na waganga wanaotangaza dawa ya kuvuta hela. Hizo, sawa, zinatafuta tamaa. Lakini nyingine zinatafuta nini? "Ile hela itume kwenye namba hii" inamtafuta mtu anayedaiwa na anayekusudia kulipa. Hutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, na miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kulipa kodi ya nyumba. "Mimi ni mwalimu wa shule ya mwanao, ameanguka, tuko hospitali" inamtafuta mzazi. Anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri anamtafuta mtu aliyelelewa kuwatii wenye vyeo. Na ile ya hela iliyokosewa inamtafuta mwaminifu peke yake. Mwizi hawezi kutapeliwa kwa mbinu hiyo, kwa sababu mwizi angefurahi na kuzima simu.

Ukiziangalia kwa utaratibu huo, unaona kwamba matapeli wameyasoma maisha yetu vizuri kuliko tunavyodhani. Wanajua tunadaiana, tunasomesha watoto wa ndugu, tunachangiana matibabu na misiba, na kwamba fedha hizo zote siku hizi hupita kwenye simu. Kila uongo wao umeegemea wajibu fulani wa kweli. Kwa hiyo tunapomcheka aliyetapeliwa, mara nyingi tunamcheka mtu kwa kuwa alitimiza wajibu wake haraka.

Immanuel Kant, katika kitabu cha maadili alichokitoa mwaka 1785, anatoa mfano wa mtu mwenye shida anayekopa fedha kwa kuahidi kurudisha, huku anajua hatarudisha. Kant anatuambia tujiulize ingekuwaje kama kila mwenye shida angefanya hivyo. Jibu lake ni kwamba ahadi yenyewe isingewezekana tena: hakuna ambaye angeamini, watu wangezicheka ahadi kama maneno matupu. Nilipolisoma hilo chuoni nililichukua kama zoezi la kichwani tu. Sikujua kwamba ningeishi katika nchi ambamo sehemu ya zoezi hilo imetokea kweli. Maneno "ile hela itume kwenye namba hii" yamekuwa utani. Tunayatupiana vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mtu anacheka.

Kant hakueleza kicheko hicho kinamgharimu nani. Mimi nilikuja kujua.

Miezi mitano baada ya Jumapili ile, nikiwa kazini Dar es Salaam, namba ngeni ilinipigia. Mwanamume, nyuma yake kelele za watu. "Kaka habari, samahani, unamfahamu kijana anaitwa Baraka? Amegongwa na bodaboda, niko naye hapa hospitali, sasa wanahitaji..."

Sikumwacha amalize. "Wanahitaji nitume kwenye namba hii, siyo?" Nikakata. Akapiga tena, nikaizuia namba yake. Wenzangu waliosikia walicheka, mimi pia nikacheka. Nilijisikia mjanja, na nakiri kwamba nilimkumbuka mama mdogo na kujiona nimelipiza kisasi chake.

Baraka ni binamu yangu, mtoto wa mama mdogo huyohuyo. Alikuwa amegongwa kweli. Simu yake ilipasuka kioo, na namba pekee aliyoikumbuka kichwani ni yangu. Nilipata habari saa nne usiku kupitia kwa jirani yake. Nilimkuta na mguu uliofungwa bendeji gumu, amelala. Yule mpigaji, fundi wa kuchomelea aliyekuwa anapita tu njiani, alilipia kadi na picha ya eksirei kutoka mfukoni mwake, akakaa naye mpaka jua likazama.

Niliifungulia namba yake nikampigia, nikamrudishia fedha zake na kumwomba radhi. Nilitegemea anikaripie. Akasema, "Usijali kaka. Hata mimi ningekata."

Alisema ili kunipunguzia uzito, na ndiyo maneno yaliyonilemea zaidi. Watu wawili wasio matapeli tulikuwa tumekubaliana kwamba kutosaidiana ni jambo la kawaida. Tapeli aliyechukua 240,000 za kikoba hakujua hata kama Baraka yupo duniani. Lakini nusu siku ile aliyolala bila ndugu pembeni, nadhani na yeye alichangia.

Sasa, je, naomba turudi kumwamini kila anayepiga? Hapana. Kuamini ovyo kungewalisha matapeli, na fedha zinazoliwa mara nyingi si za mtu mmoja, kama michango ile. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Nilikuwa nadhani kuna njia mbili tu, kutuma au kukata. Kumbe kati yake kuna kazi ya dakika mbili, na kazi hiyo ndiyo wajibu wetu wa sasa. Ningeweza kumuuliza yule fundi, "Nipe hospitali gani, wodi gani, mpe simu nimsikie." Tapeli huchukia maswali na hupenda haraka. Mtu wa kweli hujibu, na akikasirika hasira yake hupita.

Ndivyo ilivyo kwa mbinu nyingine pia. Hela ikiingia kimakosa, tazama salio lako mwenyewe kwanza; ikiwa ipo kweli, mwambie mwenyewe awasiliane na mtandao wake ili muamala urudishwe kwa utaratibu, usiitume kwa mkono wako. Mtoa huduma halisi hupiga kwa namba 100, na hakuombi namba ya siri. Ukipigiwa na "mwalimu", kata umpigie mwalimu unayemjua. Namba ya tapeli itume 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa kazi hiyo, na kwa *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana tangu tusajili kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020, laini iliyosajiliwa kwa jina lako inaweza kufanya dhambi usiyoijua. Haya si mageni kwako. Nayataja kwa sababu nayaona ni sehemu ya maadili: kuhakiki ndiko kunakoniwezesha kuendelea kusaidia bila kuwalisha wezi.

Na kuna wajibu mwingine, wa kufunga mdomo wa kicheko. Mama mdogo alinyamaza wiki tatu kwa kuogopa maneno niliyokuja kumwambia. Katika wiki hizo tatu namba ile iliendelea kupiga watu, na wenzake wa kikoba, wenye simu na uaminifu kama wake, hawakuonywa na yeyote. Aibu ya aliyeibiwa ni ulinzi wa mwizi, na aibu hiyo tunaitengeneza sisi.

Nilikwenda Korogwe kumwomba radhi. Nilimweleza habari ya yule fundi, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu niliyocheka. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Hakusema lolote kuhusu mimi. Aliuliza tu kama yule fundi nilimrudishia hela yake yote.

"Yote."

"Vizuri," akasema. "Haikuwa yetu."

Simu yake iliita kabla sijaondoka. Namba ngeni. Aliipokea.

"Haloo. Marahaba. Wewe nani, na uko wapi?"