Maiti Asiyezikwa

Katika vita vya Waisraeli na Wapalestina, maiti naye huwa mateka. Kila upande umewahi kuzuia miili ya waliouawa wa upande wa pili, ukingoja bei: wafungwa, miili mingine, au utulivu wa muda. Jambo hilo huzungumzwa zaidi kama hesabu za wapatanishi. Ndani yake limo swali la dini na falsafa: je, aliyekufa ana haki inayomfunga hata adui yake, au haki hukatika pamoja na pumzi?

Uyahudi na Uislamu hujibu kwa namna zinazokaribiana mno. Torati inaamuru kwamba hata mhalifu aliyetundikwa mtini azikwe siku ileile, asilale pale usiku. Marabi waliipanua amri hiyo ikamhusu kila maiti. Kuhani mkuu, aliyekatazwa kujitia najisi hata kwa maiti wa mzazi wake, akimkuta njiani maiti asiye na mwenyewe, analazimika kumzika yeye. Katika Uislamu, kumwosha maiti, kumvika sanda, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wachache wakiitimiza wengine wamesalimika, ikiachwa dhambi ni ya wote.

Hata kisa cha kaburi la kwanza ni chao wote. Kurani inamtaja kunguru aliyetumwa kufukua ardhi ili mwana wa Adamu aliyemuua nduguye ajue namna ya kumsitiri. Katika mapokeo ya marabi, kunguru anawafundisha Adamu na Hawa kumzika Habili. Masimulizi ya Kurani yana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: anayefundishwa kuzika si baba wala mama wa marehemu, ni muuaji mwenyewe. Kwa mtazamo huo, wajibu wa kumsitiri maiti haumngojei mfiwa. Unaanza kwa mkono ulioua.

Kuhusu kumtia maiti bei, kila upande una kumbukumbu yake. Katika Vita vya Handaki, mwaka 627, mpanda farasi wa Kikureshi, Naufal bin Abdallah, alianguka handakini akauawa, na watu wake wakataka kuununua mwili. Waandishi wa sira wanasimulia kwamba Mtume Muhammad alikataa fedha, akawaacha wauchukue. Kumbukumbu ya Wayahudi ni ya walioombwa fedha. Rabi Meir wa Rothenburg alifungwa na mfalme wa Ujerumani mwaka 1286 na akafia kifungoni mwaka 1293. Inasimuliwa kuwa alikataa kukombolewa kwa kiasi kikubwa, watawala wasije wakazoea kukamata marabi. Mwili wake ulizuiwa miaka 14, hadi tajiri mmoja, Alexander Wimpfen, alipoulipia mwaka 1307. Alichoomba ni kuzikwa kando ya rabi huyo, na mawe ya makaburi yao yangali bega kwa bega mjini Worms.

Dola ya Israeli, pamoja na kumbukumbu hiyo, imewazika Wapalestina wengi katika maeneo ya kijeshi yaliyofungwa, ambako kibao cha kaburi kina namba badala ya jina. Wengine wamewekwa kwenye majokofu. Msingi wa kisheria unaotumika ni kanuni ya hali ya hatari ya mwaka 1945, iliyorithiwa kwa watawala wa Kiingereza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria haimpi kamanda wa jeshi mamlaka ya kuzuia miili kwa ajili ya mazungumzo. Mwaka 2019 jopo kubwa zaidi likatengua uamuzi huo kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba tangu mwaka 2014 Hamas nayo ilikuwa inashikilia miili ya askari wawili.

Tarehe 7 Oktoba 2023, katika shambulio la Hamas, watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israeli na 251 wakachukuliwa hadi Gaza, baadhi yao wakiwa wameshakufa. Anayebeba maiti kuvuka mpaka ameshaamua kuwa ni bidhaa. Katika vita vilivyofuata, Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu waliouawa zaidi ya 67,000 kufikia Oktoba 2025, na maelfu wengine walibaki chini ya vifusi, mahali ambapo faradhi ya kifaya haina wa kuitekeleza. Masharti ya kusitisha mapigano ya mwezi huo yaliweka kiwango: miili 15 ya Wapalestina kwa mwili mmoja wa Mwisraeli. Mingi iliyofikishwa hospitali ya Nasser, Khan Younis, ilikuja bila majina, na familia zikapekua picha za meno, viatu na vipande vya nguo.

Hoja nzito ya wanaotetea rehani hii ya maiti ni uhai. Katika sheria ya Kiyahudi, kuokoa nafsi hutangulia karibu kila amri, na maiti akiweza kumrudisha mateka aliye hai, heshima ya maiti itasubiri. Lakini mara nyingi kilichopatikana kwa mwili kilikuwa mwili mwingine, na kila upande ulioona rehani inalipa ulipata sababu ya kutafuta nyingine, kama rabi wa Rothenburg alivyohofia. Tena alipaye si mpiganaji, ni mfiwa.

Kwa Wayahudi, mfiwa ambaye maiti wake hajazikwa huitwa *onen*: amesamehewa sala na amri nyingi, na matanga ya siku saba hayajaanza. Mwili usipopatikana, matanga huanza pale jamaa wanapokata tamaa ya kuupata, nao ndio wanaoachiwa kuitaja siku hiyo. Imamu Shafii, ambaye kwa mapokeo mashuhuri alizaliwa Gaza mwaka 767, aliruhusu swala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo. Lakini mke wa aliyepotea, kwa kauli yake ya baadaye, hakai eda mpaka kifo kiwe yakini.

Miongoni mwa waliouawa siku ile ya Oktoba walikuwamo Watanzania wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Mmoja alirudishwa nyumbani Novemba 2023. Wa pili hakuwa na upande katika vita, wala nchi yake haikuwa na mfungwa wa kumtoa. Mwili wake ulikaa Gaza hadi Novemba 2025, na hadi wakati huo wazazi wake walikuwa na picha yake na habari ya kifo chake, bila kaburi.