Je, Mafundisho Huisha?

Wengi husema: "Nimebatizwa, nimepata Kipaimara, mafundisho nimekwisha." Je, ni kweli?

Twende Iga Barrière, njiani toka Bunia kwenda machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu. Mtoto husema amri ya tano pasipo kosa. Lakini mtu mzima wa Ituri ameona vita vya 1999 hata 2003, na mauaji yaliyorudi tangu 2017. Sokoni akutana na jamaa wa yule aliyemwua ndugu yake. Amsalimu? Akidai haki, je, ni kisasi? Swali hilo mtoto hakuulizwa. Kudai haki mbele ya hakimu si dhambi. Kumchukia mtu kwa ajili ya kabila lake ndiyo dhambi.

Apolo Kivebulaya, mwalimu wa ndugu zetu Waanglikana, alibatizwa mtu mzima mwaka 1895. Huku Ituri, katika Mboga, alipigwa, akafungwa. Alipofunguliwa alirudi kuwafundisha watu walewale.

Basi, wazazi, tusiwapeleke watoto tu kwa katekista, nasi tukabaki nje chini ya mwembe. Tuingie, tuulize maswali yetu magumu. Imani ya kitoto haiwezi kubeba mzigo wa mtu mzima.