Taabu ya Hiari

Mtu mzima akionekana ameinama kati ya majabali, jasho likimtoka, macho yake yakilifuata gari lenye urefu wa dhiraa moja hivi, mpita njia hucheka, na kicheko chake hakikosi sababu. Gari hilo haliendi sokoni wala halichukui abiria. Likipanda jabali hakuna kilichofikishwa mahali, na likishindwa hakuna aliyepungukiwa. Zaidi ya hayo, mwenye gari angeweza kulinyanyua kwa mkono mmoja na kuliweka juu ya jabali kabla mchekaji hajamaliza kicheko chake. Hanyanyui. Husimama na rimoti mkononi, akasubiri, akalirudisha gari nyuma kidogo, akajaribu njia nyingine, na pengine nusu saa ikapita katika masafa ya hatua nne. Swali linalozuka hapo si la mchezo tu. Je, taabu anayojitakia mtu mwenyewe, ambayo dunia haikumdai, ina thamani yoyote? Na kama inayo, ni kitu gani kinachoiharibu?

Magari haya ni mifano ya magari ya kweli ya kupanda milima, aghalabu kwa kipimo cha 1 kwa 10, nayo huendeshwa kwa mawimbi ya redio. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa mwaka 1981 mfano wa Toyota Hilux wenye gia tatu na springi za mabamba ya chuma, ambao waweza kuhesabiwa miongoni mwa wazee wa ukoo huu. Mwaka 2017 kampuni ya Traxxas ya Marekani ilitoa TRX-4, ambayo difu zake hufungwa na kufunguliwa kwa rimoti, na ekseli zake zimeinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu kwa gia zilizowekwa katika kila pembe, ili tumbo la ekseli lisikwame katika mawe. Tamaa ya mchezo huu si mwendo wa kasi bali mwendo wa taratibu. Katika michezo ya magari jambo hilo ni nadra, kwa kuwa mahali pengi gari husifiwa kwa jinsi linavyowahi kufika.

Watu hudhani kuwa kitu kikifanywa kidogo kimepunguzwa chote sawasawa. Galileo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, alionyesha kuwa sivyo. Urefu ukigawanywa kwa 10, eneo hugawanyika kwa 100 na ujazo kwa 1,000. Gari la kilo 2,000 hubaki na kilo 2, na kwa hakika mengi ya magari haya yana uzito wa kilo 2 mpaka 4. Lakini uvutano wa dunia haukubali kupunguzwa. Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 2 hutumia sekunde 0.64 kufika chini. Kikianguka kutoka sentimita 20 hutumia sekunde 0.2 tu. Ndiyo maana gari dogo likipinduka hupinduka ghafula, kama lililopigwa kofi, hata mwenyewe asiwahi kufanya lolote. Na nguvu ya pigo lake, uzito ukizidishwa kwa kimo, ni sehemu moja katika 10,000 ya pigo la gari kubwa. Kioo hakivunjiki, mguu haukatiki, na hakuna anayeachwa mjane.

Pembe ya kupinduka, kwa upande mwingine, haijali ukubwa. Hutegemea mambo mawili: upana kati ya magurudumu, na kimo cha kitovu cha uzito. Gari ambalo magurudumu yake yameachana kwa sentimita 20, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 8 juu ya ardhi, kwa hesabu tupu hupinduka likiinama kiubavu kupita nyuzi 51. Kitovu hicho kikishushwa kwa sentimita 1, hustahimili mpaka nyuzi 55. Vipimo vyote vikizidishwa kwa 10, jibu ni lile lile. Basi jabali dogo humwambia dereva ukweli ule ule ambao jabali kubwa humwambia, ila halimtozi kiasi kile kile.

Jambo hili lina haki ya kuisumbua dhamiri. Dereva wa lori aliyekwama katika tope wakati wa masika, ndizi zikimwozea nyuma na utingo wake akikata matawi ya kutia chini ya magurudumu, anaijua vema taabu ambayo wengine wanaichezea. Naye hakuichagua. Angepewa barabara ya lami leo asingeililia barabara ya tope kesho. Yuko atakayesema kuwa kufanya mchezo wa dhiki ya mtu mwingine ni kumdhihaki, tena kwa gari ambalo bei yake, pamoja na vipuri vyake, yaweza kuwa sawa na mshahara wa dereva huyo. Shutuma hii si nyepesi. Haijibiwi kwa kusema kuwa kila mtu ana hiari ya fedha yake, maana hilo ni jibu la mwenye duka, si jibu la mwenye hekima.

Jibu lililo bora ni kwamba taabu mbili hizi hufanana kwa mwili zikatofautiana kwa roho. Ya dereva wa lori haina mlango wa kutokea; ya mchezaji ina mlango ulio wazi muda wote, na mlango huo ni mkono wake. Kwa sababu hiyo mchezaji hana haki ya kuitwa jasiri kwa kupandisha jabalini gari la kilo 3. Ushujaa hudai hatari, na hatari imebaki kule kwenye magari makubwa. Lakini ziko tabia nyingine zisizodai hatari: subira, uangalifu, na uaminifu wa mtu kwa sharti alilojiwekea mwenyewe. Hizo haziwi za mfano kwa kuwa gari ni la mfano. Hakuna subira ya kipimo cha 1 kwa 10. Mtu ama anayo ama hana.

Kazi huanza mezani kabla ya kufika jabalini. Kwanza hutazamwa matairi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayozungumza na jiwe. Mpira laini hujikunja ukashika kona za jiwe. Ndani yake hutiwa sponji, wala haujazwi upepo. Sponji ikiwa laini mno tairi hulala kiubavu gari linapoinama, na ikiwa ngumu mno tairi hugusa jiwe kwa ncha chache tu, likateleza. Halafu huja habari ya uzito. Shaba ni nzito mara tatu hivi kuliko alumini, basi vipande vya shaba hufungwa katika ekseli na ndani ya ringi, chini kabisa, na mbele zaidi kuliko nyuma, kwa sababu katika kupanda uzito hukimbilia nyuma na magurudumu ya mbele hubaki yakipapasa hewa. Betri husogezwa mbele na kushushwa. Gia hupunguzwa mpaka gari litembee kama kinyonga.

Kila tengenezo huomba malipo yake. Uzito uliotiwa magurudumuni huilemea mota ndogo ya usukani, ikatetemeka na kupata moto. Hununuliwa nyingine yenye nguvu zaidi, na hiyo nayo hudai umeme mwingi kuliko ule gari lililokusudiwa kuutoa. Difu ikifungwa, magurudumu ya kushoto na ya kulia huzunguka pamoja, gari likapata nguvu jabalini na kupoteza wepesi wa kukata kona. Springi zikilegezwa, gari huyakumbatia mawe vizuri, kisha huinama ubavuni kupita inavyotakiwa. Mtengenezaji mzuri ni yule ajuaye ni wapi alikokopa. Anayenunua kila kipande kilichosifiwa na wengine, akavifunga vyote kwa siku moja, hupata gari zuri asilolielewa. Likipinduka hana wa kumwuliza. Watoto wa Afrika Mashariki wanaounda magari kwa nyaya na makopo, magurudumu yakikatwa katika ndala zilizochakaa, wanamshinda huyo kwa jambo moja: hakuna kipande cha gari lao wasichojua kwa nini kipo.

Uko mvutano mwingine, ambao ni wa maadili zaidi kuliko wa ufundi. Gari hili ni mfano. Limedai kufanana na kitu. Bampa refu lenye winchi, kioo chenye sanamu ya dereva nyuma yake, mizigo juu ya paa: vyote hivyo hulifananisha na asili yake, na vyote huliharibia kazi. Bampa hugonga jiwe kabla tairi halijaligusa. Mizigo ya paani hupandisha kitovu cha uzito. Atakaye ushindi tu atavua kimoja baada ya kingine, atakata bodi, atapanua magurudumu, na mwisho atabaki na kiunzi kinachopanda ukuta na kisichofanana na gari lolote lililopata kuendeshwa na mtu. Si dhambi, yako mashindano ya viunzi vya namna hiyo, nayo yana ustadi wake. Lakini amekwisha kuliacha swali aliloanza nalo. Aliuliza kama gari lile, kwa umbo lile, laweza kupita pale. Sasa anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, aliueleza mchezo kwa namna inayofaa hapa. Kwake, mchezaji huvikubali vizuizi ambavyo angeweza kuviepuka, na huvikubali ili mchezo wenyewe upate kuwapo. Mcheza gofu ambaye haja yake ni mpira uwe shimoni tu, njia yake fupi ni kuuchukua na kuutumbukiza kwa mkono. Mpira utakuwa shimoni, ila gofu haitakuwa imechezwa. Katika mchezo wa majabali mkono uko karibu zaidi. Mashindanoni kuna mwamuzi, na kuligusa gari huhesabiwa kuwa kosa. Njiani peke yake mtu hana mwamuzi. Kijiwe kilicho chini ya tairi chaweza kusogezwa kwa ncha ya kiatu, gari likapita, na usiku rafiki akaelezwa kuwa limepita. Hakuna aliyeibiwa. Hata hivyo kuna kitu kilichopotea, na aliyekipoteza ndiye mtu pekee aliyekuwa akikitafuta.

Mbishi hodari atauliza: je, kubadili tairi si kusogeza kijiwe kwa njia ndefu? Tofauti ipo, nayo haiko katika ukubwa wa msaada bali katika wakati wake. Tengenezo la mezani hulirudisha gari mbele ya jabali likahukumiwe upya, na jabali lingali na uwezo wa kukataa. Mkono huja baada ya hukumu kusikiwa, ukaifuta. Lakini ubishi huu una nusu ya haki, na nusu hiyo haifai kufichwa. Matengenezo yakizidi mpaka jabali lisiweze kukataa tena, yamekuwa mkono kwa jina jingine, na mwenye gari amenunua kwa fedha nyingi uchovu wa kushinda kila mara. Wanaoupenda mchezo huu kwa moyo wakifika hapo hutafuta jabali gumu zaidi, au hulirudia gari dhaifu walilokuwa wameliacha kabatini. Mcheka njiani hawezi kuliona hilo: mtu aliyekwisha kulipa ili apate urahisi, akiuweka kando kwa hiari ili awe na la kufanya.

Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, ni mahali panapolichungua jambo hili kwa ukali. Misafara ya Jeep ya majira ya Pasaka ilianza huko mwaka 1967. Miamba yake ya mchanga iliitwa miamba ya utelezi kwa kuwa kwato za farasi zilizovikwa chuma ziliteleza juu yake. Kwa mpira ni kinyume, tairi huuganda mwamba ule kama mjusi ukutani. Ni shule njema kwa gari kubwa na dogo. Lakini kati ya miamba hiyo udongo umefunikwa na gamba lililo hai, lililofumwa na bakteria na viumbe vingine vidogo, ambalo huushika mchanga usichukuliwe na upepo wala mvua. Gamba hilo likivunjwa huchukua miaka mingi, hata makumi ya miaka, kurudi kama lilivyokuwa. Gari la kilo 3 hutambaa juu ya mwamba mtupu na haliachi alama. Mwenye gari hutembea kando yake, naye hakupunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 10. Kiatu chake ni cha mtu kamili. Hapo taabu aliyoichagua yeye yaweza kulipiwa na kisichochagua kitu, na mchezo wote uliotetewa hapo juu hupoteza utetezi wake.

Kwa hiyo gari likipinduka ng'ambo ya kiraka cha gamba, hatua tatu tu kutoka aliposimama, itampasa azunguke kwa kufuata mwamba, pengine kwa dakika kumi, jua likiwa kali na rimoti ikiwa haina kazi mkononi mwake. Akifika, atalisimamisha kwa mkono, kwa kuwa sasa hakuna njia nyingine; kisha atalichukua mpaka chini, pale lilipoanzia kupanda, na kuliweka hapo.