Amana ya Moyo

Mgonjwa ateremkaye kutoka Kibosho au Machame hadi hospitali ya rufaa ya KCMC, mjini Moshi, humkabidhi daktari mambo ambayo pengine hata mwenziwe wa nyumbani hayajui: kifua kinachombana, pombe anywayo, dawa alizoziacha. Yote huandikwa. Je, yakishaandikwa ni mali ya nani? Na mtafiti wa maradhi ya moyo ana haki gani ya kuyafunua?

Jawabu lililozoeleka ni kwamba siri ya mgonjwa ni amana, na amana hulindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa rai hiyo nguvu ya dola. Ni rai njema, hasa zama hizi ambapo majalada ya karatasi yanahamia katika kompyuta, na habari za maelfu ya watu zaweza kusomwa kwa pamoja. Lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai. Siri iliyofungiwa hata pasiwe na wa kujifunza kwayo haimfai jirani atakayeshikwa na maradhi yale yale kesho.

Liko swali jingine ambalo husahauliwa: je, lililoandikwa ni kweli? Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya KCMC, watafiti waliwachunguza watu wazima 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Hawakutegemea jalada, walipima umeme wa moyo na damu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa 152 kati yao walikuwa na shambulio la moyo. Wengi wa hao walikuwa wameandikiwa maradhi mengine, kama vile shinikizo la damu.

Lau mtafiti angaliyasoma majalada hayo pekee, angalihesabu mashambulio machache mno. Mpangaji wa bajeti naye angaliamini kwamba maradhi hayo ni ya Ulaya na Marekani, si ya Kilimanjaro. Vipimo visingaliagizwa, na pasipo vipimo maradhi yasingalionekana. Hakuna siri iliyovuja hapo, wala jina lililotajwa. Hata hivyo mgonjwa amedhulumiwa.

Si haki kumtwika daktari lawama yote. Aliyefunzwa kwamba maradhi fulani ni haba, na ambaye foleni inamngoja mlangoni, hatayatafuta. Wajibu ni wa taifa linalotaka kuyatumia majalada hayo: kabla ya kuyafungua kwa utafiti, liwape wauguzi na madaktari vipimo vya kuwawezesha kuandika ukweli. Mtu wa Kibosho ameitoa siri yake ili atibiwe. Akirejea mlimani na vidonge vya presha ilhali moyo wake umejeruhiwa, hajalipwa alichokitolea siri hiyo, hata kama jalada lake limefungwa kwa kufuli saba.