Risasi Ndani ya Jino

Jino la utotoni hujengwa safu juu ya safu, mfano wa mti unavyoongeza duara shinani, ila safu za jino huhesabika kwa siku. Kazi hiyo huanza mtoto angali tumboni, na siku ya kuzaliwa huacha mstari unaoonekana kwa darubini. Jino likishang'oka, watafiti hulipasua, wakapitisha mwale wa leza safu kwa safu na kupima kilichonaswa humo: madini ya risasi yaliyopita kwenye kondo la nyuma miezi ya mwisho ya mimba, manganisi ya miezi ya kwanza ya kunyonya. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hulitupa jino hilo juu ya paa na kuomba jipya. Nyaraka nyingi za afya zimeishia kwenye mabati.

Jumla ya mambo yanayorekodiwa na nyaraka za namna hii huitwa eksposomu. Jina hilo lilibuniwa mwaka 2005 na Christopher Wild, mtafiti wa vyanzo vya saratani aliyekuja kuliongoza Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mjini Lyon, Ufaransa. Miaka miwili kabla ya hapo, mradi wa kusoma jeni zote za binadamu ulikuwa umetangazwa kukamilika, na matumaini yalikuwa makubwa kwamba siri za maradhi sasa zingefichuka. Wild akakumbusha kuwa jeni ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni yote ambayo mwili hukutana nayo tangu kutungwa mimba: hewa, maji, chakula, dawa, kazi, dhiki. Yeye mwenyewe alikuwa amechunguza sumukuvu katika mahindi na karanga za Afrika Magharibi, na huko tatizo la kupima lilikuwa wazi. Sumukuvu hujishikiza kwenye protini ya damu, lakini protini hiyo haidumu zaidi ya miezi michache. Damu hueleza msimu uliopita, haielezi maisha. Risasi nayo, katika damu, hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja. Katika mfupa hukaa miongo.

Hapo ndipo swali la kale la falsafa linapoingia: sababu ni nini? Mwanamke amepika kwa mkaa miaka 40 katika jiko lenye kidirisha kimoja, macho yakimtoka machozi kila anapopuliza moto. Ameishi kando ya barabara ya malori, amekula unga wa mahindi yaliyovunda kidogo mwaka wa njaa. Mapafu yanamshinda akiwa na miaka 60. Sayansi inaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba wanawake 1,000 wa maisha kama yake wataugua zaidi ya 1,000 wasiovuta moshi huo. Kuhusu yeye peke yake haina uhakika huo. Richard Doll na Austin Bradford Hill walikutana na jambo hilo mwaka 1950 walipoihusisha sigara na saratani ya mapafu: ushahidi juu ya kundi haukanushiki, na bado kila mvutaji aweza kudai kuwa saratani yake imetoka kwingine. Elimu ya eksposomu haikuliondoa pengo hili. Imelipanua, kwa kuwa sasa sababu si moja wala mbili, ni mamia, na zinasaidiana.

Mwanamke kama huyo akifa, msibani jibu la kwanza huwa kwamba siku zake zilifika, na wapo wanaodhani jibu hilo na la maabara hayawezi kukaa chumba kimoja. Historia ya Uislamu haiungi mkono dhana hiyo. Khalifa Umar, akiwa njiani kuelekea Sham, eneo la Syria, alipata habari za tauni alipofika Sargh, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamhoji kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwa maana kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine, akatoa mfano wa mchunga ngamia kwenye bonde lenye ubavu wa majani na ubavu mkavu: popote atakapochunga, ni kwa kadari. Ubavu wa kuchungia bado ni wa kuchagua.

Mfano huo una sharti moja ambalo mara nyingi husahauliwa: mchungaji aone pande zote mbili, na njia ya kwenda kwenye majani iwe wazi. Ushauri mwingi wa afya, ule wa kuhimiza mtu abadili mtindo wa maisha, huliruka sharti hilo. Kijusi hakikuchagua. Hata mama, ambaye utafiti wa jino unaweza kumfanya mshtakiwa kirahisi, huenda alimpa mwanawe risasi aliyoivuta yeye akiwa mtoto, enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Wakati wa ujauzito mfupa hutoa madini yake, na risasi hutoka nayo. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Kwa risasi ya mfupani, kukataa huko ni sahihi kitabibu pia.

Kukataa kuwalaumu wagonjwa si kusema hakuna wa kuulizwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kiwanda chenyewe kilifungwa 2014. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka huo amekwisha kufikia umri wa kuzaa, na risasi iliyoingia mifupani mwake enzi zile bado haijaisha.