Faida Katika Biashara ya Uhai

Watu husema kwamba uhai hauna bei. Neno hili ni la kweli, walakini vitu viulindavyo uhai vina bei. Nyuzi za chandarua zina bei, dawa iuayo mbu ina bei, na mikono ya wafumaji yataka ujira. Basi yatupasa kujiuliza mambo mawili: ni nani apaswaye kulipa, na je, mwenye kuuza kinga ya maradhi astahili faida?

Mnazi Mmoja ni mahali pafaapo kulifikiri swali hili. Uwanja huu ulio katikati ya Dar es Salaam, watawala wa kikoloni waliufanya mpaka: upande mmoja Uzunguni na Uhindini, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika. Sababu mojawapo waliyoitoa ilikuwa afya. Robert Koch alikwisha kuichunguza malaria katika mji huu mwaka 1897 na 1898, na katika mwaka 1897 Ronald Ross, aliyekuwa Bara Hindi, alimwona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Elimu hiyo ingaliweza kutumika kuwakinga watu wote. Badala yake ilitumika kuwatenga. Lakini mbu aliyezaliwa katika dimbwi la upande mmoja huweza kuuma upande wa pili. Afya ya mtu mmoja haipatikani kamili maadamu jirani yake ameachwa.

Sasa tuvuke uwanja, tuingie madukani. Mnunuzi wa kanga Kariakoo huishika nguo, hulitazama pindo na mji, husoma jina, kisha hupatana bei. Asiporidhika huenda duka la pili, wala hapati hasara. Huko ndiko kupatana kwa haki, kwa maana muuzaji na mnunuzi wote wana macho na wote wana hiari. Chandarua chenye dawa si kama kanga. Kwanza, dawa iliyomo katika nyuzi haionekani kwa macho. Mnunuzi hana budi kuamini. Pili, mbu auawaye na chandarua changu hamwumi jirani yangu, naye jirani hakulipa kitu. Tatu, wanaokihitaji zaidi, yaani mama mjamzito na mtoto mchanga, mara nyingi ndio wenye fedha haba. Mahali penye mambo haya matatu, kuacha bei iamuliwe na mvutano wa watu wawili ni kumwacha mnyonge peke yake.

Tanzania ilijaribu njia ya kati. Tangu mwaka 2004 mama mjamzito alipewa kliniki karatasi iliyoitwa Hati Punguzo, akaipeleka dukani, akaongeza fedha kidogo na kupata chandarua. Tangu mwaka 2009 nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 500. Hekima ya mpango huu ni kwamba mnyonge alisaidiwa bila mwenye duka kufukuzwa. Mlipaji mkubwa alikuwa mfuko wa wote, lakini chandarua kilipita katika mikono ya mfanyabiashara, naye akala faida yake ya halali.

Nyuma ya duka palikuwa na kiwanda. Mwaka 2003 kampuni ya A to Z ya Arusha ilianza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe, navyo havihitaji kuchovywa tena na tena. Ufundi huo ulikuwa mali ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, iliyoutoa bila kudai malipo ya haki yake. Maelfu ya watu walipata kazi, wengi wao wanawake. Basi yaonekana kwamba ukarimu na biashara vyaweza kukaa nyumba moja.

Kisha likaja jambo jema lenye gharama iliyofichika. Kati ya mwaka 2009 na 2011 vyandarua zaidi ya milioni 20 viligawiwa bure katika nchi yetu. Nani athubutu kulilaumu tendo hilo? Watoto walilala salama. Walakini mtu aliyepewa chandarua jana hanunui leo, na mwenye duka asiyeuza huweka bidhaa nyingine. Hati Punguzo nayo ilikoma mwaka 2014. Kitu cha bure kina mlipaji wake, ila mlipaji huyo hatumwoni. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa miongoni mwa walipaji wakubwa wa kazi ya malaria, ilisimamisha misaada yake kwa ghafula. Ndipo nchi nyingi zilipotambua kwamba usingizi wa watoto wao ulitegemea uamuzi wa ofisi ya mbali.

Wako wasemao kwamba faida yoyote katika ugonjwa ni dhambi. Mimi sikubali. Mfumaji asiyepata faida hufunga kiwanda, na kiwanda kilichofungwa hakimwokoi mtu. Wako pia wasemao kwamba soko liachwe lifanye litakalo. Hao nao wameisahau tofauti ya kanga na chandarua. Faida iliyo halali katika biashara hii ni ile iliyofungwa kwa kamba tatu: mpimaji asiyekuwa muuzaji athibitishe kilichofichika katika bidhaa, mfuko wa wote umlipie asiyeweza, na mfuko huo ujazwe kwanza na wenyeji, ili mgeni akiondoka kazi isife.

Kamba ya tatu ndiyo nzito, kwa sababu yatutaka sisi wenyewe tutoe. Kumlaumu mfanyabiashara ni rahisi, na kumshukuru mfadhili ni rahisi zaidi. Lakini taifa lisilokubali kulipia chandarua cha mtoto wa jirani limeuchora upya, kwa mkono wake lenyewe, ule mpaka wa Mnazi Mmoja.