Mas'ala ya Chakula Kilichoharibika

Mwenye duka Kitai aweza kuuliza: Serikali ikitwaa mahindi yangu yaliyoota kuvu na kuyateketeza, je, si dhuluma?

Jawabu: Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kiuzwacho sharti kiwe na manfaa; na sumu ina manfaa gani? Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu. Naye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Basi kuondoa dhara ni wajibu wa mtawala.

Lakini mkaguzi naye ana amana: apime kwanza, ateketeze mbele ya mwenyewe. Akiyauza kwa siri, yeye ndiye dhalimu.

Nawe muuzaji, usimngoje mkaguzi, Mola akuona.